Laptop Isiyo na Window

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani namenya ndizi, mikono imejaa utomvu. Kesho yake mdogo wangu alikuwa anapata kipaimara, na kwetu huku juu ya Kikatiti kipaimara hakiishii kanisani. Ndugu wanaanza kuja tangu Ijumaa, na kila anayekuja anakuja na ushauri. Mjomba alikuja na ushauri, spika kubwa, na mwanawe. Huyo mwanawe yuko chuo Dar, mwaka wa pili, anasoma mambo ya kompyuta. Namwita kaka kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

Nikamsikia sebuleni akipaza sauti juu ya muziki: "Nyie watoto, njooni muone laptop mahututi inavyofufuliwa!"

Laptop nyumbani kwetu ni moja tu. Yangu.

Alinipa shangazi, ofisi yao ilipobadilisha mashine. Ilikuja imezeeka, betri imekufa kabisa, ukichomoa waya inazimika hapo hapo. Mafundi wa kompyuta wa Sokon One waliipiga window mara tatu, yaani walifuta kila kitu wakaiweka window upya. Kupiga window ndiyo dawa yao ya kila kitu. Hata ukiwapelekea laptop iliyovunjika bawaba, watapiga window. Kila mara ilirudi na virusi vipya na nyimbo za fundi. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu mmoja wa mazoezi aliyekaa shuleni kwetu wiki chache akaniwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya window. Akasema ni ya bure na ni halali, wanaoitengeneza wanaiacha wazi ili yeyote aifungue, aitazame, airekebishe. Akaondoka. Tangu hapo haijaganda. Humo naandika notsi, napunguza ukubwa wa picha za kwaya, naandaa kazi zote za shule. Dada wa stationery akifungua faili langu kwenye mashine yake anaguna, "Umetumia nini wewe, mbona mistari imeruka?" Mimi najua iliyoruka ni kwake. Nanyamaza.

Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Darasani wananiita ukuta.

Na nacheza. Kuna gemu moja la bure la kujenga, dunia nzima ni vibonge vya udongo, mawe na maji. Humo nimejenga mteremko wetu: kahawa chini ya migomba, nyumba ya bibi, na mfereji unaoshuka kutoka msituni. Mfereji ndio ulioninyoosha. Maji ya humo yana sheria zake, kwenye tambarare hayafiki mbali, yanakufa. Ilibidi nivunje mlima na kuupanga upya hadi maji yakafika shamba la mwisho bila kumfurikia mtu. Karibu miaka miwili. Hakuna niliyewahi kumwonyesha. Nakala yake nyingine ilikuwa kwenye flash.

Ijumaa jioni kaka aliniambia, "Dogo, una flash? Kuna kitu nataka kuweka." Nikampa. Sikuuliza kitu gani.

Sasa nimesimama kwenye mlango wa sebule, na flash yangu imechomekwa ubavuni mwa laptop, taa yake inapepesa. Kioo kimekuwa cha bluu na kinauliza lugha. Nikaelewa. Alikuwa ameshaifuta flash ili aitie window ya wizi. Nakala ya mfereji iliyobaki ilikuwa ndani ya laptop, na hiyo ndiyo aliyokuwa anakwenda kuifuta.

"Kaka," nikasema.

"Umekuja kuaga maiti?" Watoto wakacheka. "Hiki ulichoweka humu ni cha maseva, siyo cha binadamu. Jana nimetafuta disk C mpaka nikachoka."

Mwaka wa pili. Anatafuta disk C, kitu cha window, kwenye Linux kama mtu aliyeshuka Moshi anatafuta stendi ya Arusha, halafu anawalaumu watu wa Moshi.

"Leo tunataka mpira," akaendelea. "Gemu la maana haliendi humu."

"Yapo magemu humo."

"Lile la ngwini anaendesha gari? Lile la Sunday school!"

Watoto wakaangua kicheko, na mmoja akaanza kuendesha gari kwa mdomo. Nilitaka kusema, kaka, kuna kitu changu humo, usikifute. Sentensi fupi tu.

Mjomba alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, soksi juu ya meza. "Mwache kaka yako afanye kazi, mwanangu. Watu mjini wanamtafuta kwa shughuli hizi. Sema asante."

Nikasema asante.

Nikatoka. Nikapita kwa mama na masufuria yake, nikazunguka hadi ukuta wa nyuma, nikafungua kijumba cha meni swichi na kuishusha. Spika ya mjomba ikanyamaza katikati ya neno. Nikarudi kwenye kigoda nikachukua ndizi nyingine.

"Wameukata!" mama akalia. "Na nyama ya watu iko kwenye friji!"

"Ah!" Hiyo ilikuwa ya kaka. "Ilikuwa imebaki kidogo tu!"

Kidogo gani, sikujua. Kama alikuwa ameshafika pale mashine inapouliza ufute nini, na yeye akabonyeza bila kusoma kama ninavyomfahamu, basi mteremko wangu ulikuwa umekwisha, na nilikuwa nimewanyima watu umeme bure.

Kwa zaidi ya saa tatu hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekwenda kutazama swichi. Umeme huku ukizimika, watu wanalaumu, wanazoea, wanahamia nje. Mjomba alieleza kwa kirefu serikali inavyopaswa kuendeshwa. Kaka alieleza kwamba kukatika ghafla ni hatari sana kwa mashine, na watoto wakamsikiliza kama daktari bingwa. Mimi nikamenya ndizi hadi za akiba.

Giza lilipoanza, mjomba akasimama uani. "Mbona kwa jirani kunawaka?"

Akazunguka nyuma. Taa zikarudi, spika ikalipuka pale pale ilipokomea, na yeye akatokea amekunja uso. "Nani kachezea swichi?" Akamshika mkono mdogo wetu wa mwisho, wa miaka sita, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. "Ni wewe?"

Swichi iko juu kuliko mkono wake ukiunyoosha wote. Mjomba hilo hakulipima.

"Ni mimi," nikasema.

Mama akageuka na mwiko. "Wewe?"

"Kaka alikuwa anafuta vitu vyangu."

"Vitu gani?" kaka akauliza.

"Gemu."

Walicheka wote, hadi yule aliyekuwa ameshikwa mkono. Mama peke yake hakucheka. "Nyama ya kipaimara imekaa bila baridi tangu saa tisa, kwa ajili ya gemu?"

"Si ungesema tu, dogo?" kaka akasema, na wala hakusema kwa ubaya.

Hapo ndipo nilipomdharau zaidi, kwa sababu hapo tu ndipo alipokuwa sahihi.

"Basi," akasema, "kesho tukitoka kanisani namalizia. Picha zako nitakuhifadhia." Mjomba akasema hayo ndiyo maneno. Picha! Mfereji wangu siyo picha. Mama akaibandika nyama yote jikoni jioni ile ile, nikakaa naye kuchochea moto.

Asubuhi, chai ikiwa bado haijachemka, nilichomoa flash nikawasha laptop. Kioo kilikaa cheusi kwa muda mrefu. Kisha ikafunguka. Nikaingia kwenye gemu, nikaufuata mfereji kutoka msituni, nikapita kwa bibi, nikashuka hadi shamba la mwisho. Maji yalikuwa yanafika.

Nikaizima, nikaiwasha tena, nikaweka neno la siri la kuwashia, lile linaloulizwa kabla mashine haijaanza kufanya lolote, hata kusoma flash.

Kaka akatokea na mswaki mdomoni, akabonyeza kitufe, akainama. "Inadai password. Umeweka wewe?"

"Nimeweka."

"Ipi?"

"Sikuambii."

Mjomba alikuwa mbele ya kioo anafunga tai. "Mpe kaka yako."

"Shikamoo, mjomba. Simpi."

Mikono yake ikasimama kwenye tai. Kaka akacheka, akadhani natania, akabaki ameinama pale na vidole juu ya herufi, anasubiri nimtajie. Nikamwacha hapo, nikaenda kupiga pasi gauni langu la kanisani.