Sisaini Ng'o

Wenzake walimwita Mama Faili, maana alikaa miaka kumi na moja kwenye dirisha la kumbukumbu za hospitali akisaka majalada yaliyopotea. Kuandika programu alijifunza mwenyewe, saa ambazo wengine walikwenda kula. Hata alipohamishiwa chumba cha kompyuta, mkuu wa kitengo hakuacha kumwita karani.

Jumatatu moja, muuguzi wa wodi ya tano alimjia akihema.

"Dada, nina mzee kitandani, lakini kwenye kompyuta hayupo. Wodi ya tatu wanasema walishamtoa. Tangu jana hajaletewa chakula wala dawa!"

Mama Faili alimwandika mzee wodi ya tano kwa mkono, kisha akafungua skripti, programu fupi ya kuhamisha wagonjwa, na hakuchukua muda kuona kasoro. Ilimfuta mtu kwenye wodi ya zamani, ndipo ikamwandika kwenye mpya. Mtandao ukikatika katikati, mgonjwa anabaki hewani. Akaamua kuzifunga hatua zote mbili kwenye muamala mmoja: zikikamilika zote, hifadhidata inathibitisha, moja ikigoma, kila kitu kinarudi kilivyokuwa.

Mkuu wa kitengo alipopata habari, alikuja juu.

"Usiguse kitu! Majaribio ya wodi chache yamekwisha, mfumo unazinduliwa hospitali nzima Alhamisi. Huo ni mtandao tu. Weka sahihi hapa kwamba mfumo umeupima."

"Sisaini, mkuu."

"Karani, unajua unaongea na nani?"

"Namjua vizuri. Na yule mzee aliyeshinda njaa, wewe unamjua?"

Akaenda moja kwa moja kwa daktari mkuu, mama asiyependa maneno mengi, akaomba aoneshe kwa vitendo. Jumatano asubuhi wakakusanyika. Mama Faili alitumia mgonjwa wa kubuni, akaiagiza skripti aliyokwisha kuirekebisha itulie sekunde kumi kati ya hatua mbili, kisha akachomoa waya unaokwenda kwenye hifadhidata. Alipourudisha, wakatazama orodha. Wodi ya tatu, hayupo. Wodi ya tano, hayupo.

Mkuu wa kitengo alicheka mpaka akashika meza. "Ndiyo dawa yako hiyo?"

Mama Faili hakuinuka kitini. Akasoma mstari baada ya mstari, midomo ikichezacheza, hadi akagonga kioo kwa ukucha.

"Kosa ni langu. Muamala nimeufungua chini ya mstari wa kufuta. Kufuta kulishathibitishwa peke yake, hakukuwa na cha kurudisha."

Akapandisha amri ya kufungua muamala juu ya ile ya kufuta, akachomoa waya tena. Safari hii mgonjwa alikuwa palepale, wodi ya tatu, kana kwamba hakuna aliyemgusa.

"Haya, sasa saini," mkuu alisema, amenuna.

"Hii nasaini. Zile skripti kumi na nne zilizobaki, za maabara, za wazazi, za vitanda, sisaini ng'o mpaka nizipitie moja moja."

Daktari mkuu alikunja karatasi ya uzinduzi. "Alhamisi hakuna kitu. Mpeni wiki mbili."

Kesho yake ilikuja barua ya onyo kutoka kwa mkuu wa kitengo: utovu wa nidhamu, aombe radhi kwa maandishi. Mama Faili alijibu kwa mstari mmoja.

"Kosa la mstari nimeshalikiri mbele yenu; kwa kukataa kusaini, siombi radhi."

Akalipiga jibu lake muhuri, akalipeleka mwenyewe mezani kwa mkuu, kisha akarudi kufungua skripti ya maabara.