Kingamwili za Mama Robi

Niliondoka Makambako kwa sababu nilikuwa nimemaliza chuo na sikuwa na kazi, na kazi iliyopatikana ilikuwa ileile niliyoisomea: kutoa damu ya mbwa na kupima kingamwili zilizomo. Kwa ninyi wa nyumbani mlioniuliza kingamwili ni kitu gani, ni vitu vidogo mno ambavyo mwili huvitengeneza ndani ya damu ili kukamata vijidudu. Mtu akichanjwa, mwili wake hujifunza kuzitengeneza mapema. Asipochanjwa, huzitengeneza kwa kuchelewa, na kwa kichaa cha mbwa kuchelewa ni kufa. Utafiti wetu ulitaka kujua kama mbwa waliochanjwa katika vijiji vya Tarime na Serengeti bado walikuwa nazo za kutosha. Watu walioumwa na mbwa wakatibiwa tuliwapima pia, kama walikubali.

Mama alinifungia viazi vya kuchemsha. Mimi nilifunga tochi mbili na betri za akiba, maana naogopa giza tangu utotoni na sijaacha. Sisi wa utafiti tulikuwa tumechanjwa wenyewe kabla, kule Morogoro utafiti ulikoandaliwa, katika wiki ambayo umeme ulikatika karibu kila siku. Nilimuuliza muuguzi kama friji la chanjo lina jenereta. Akasema lipo. Nikamuuliza kama ameliona likiwaka kwa macho yake. Alinitazama, akanichoma, akasema, "Anayefuata." Jambo la friji lile nilisafiri nalo.

Tarime niliingia asubuhi, shingo imekakamaa kwa basi. Alinipokea Bwana Marwa, ofisa mifugo, mzaliwa wa hukohuko, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Ndiye wewe wa Makambako?" akasema. "Mbona mwembamba hivi, mura? Mbwa wa huku watadhani ni mfupa."

Mura ni namna Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume. Inaweza kuwa upendo, inaweza kuwa kejeli. Kwa Marwa ilikuwa vyote kwa pamoja.

Kazi tuliianzia Kewanja, ambako kila ukiinua macho unaona kilima cha mawe ya mgodi nyuma ya nyumba za watu. Marwa alishika mbwa na kuwafunga midomo kwa kamba, mimi nikatoa damu mguuni. Mbwa wa boma la kwanza aliitwa Hayawahusu. Wa jirani yake aliitwa Tunajua.

"Hawa wawili wamefikishana kwa mwenyekiti wa kijiji," Marwa alinieleza. "Wenye mbwa, siyo mbwa."

Siku ile nilisimamisha kazi mara kadhaa. Mbwa mmoja alikuwa anakohoa, mwingine macho yake yalikuwa mekundu, wa tatu amejilaza kivulini haitikii akiitwa. Kila mara nilimwambia Marwa huenda ni kichaa.

"Huyo amelala, mura. Kulala siyo dalili."

Watu wa boma lile walicheka, na mimi nikacheka nao kidogo. Jioni nilijiapiza kuacha kuona kifo katika kila kitu.

Tulivuka Mto Mara siku iliyofuata. Mto ulikuwa umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, nami nilishika mlango wa gari mpaka tukafika ng'ambo. Gari la ofisi lilitushusha Nyansurura, likaendelea na vifaa kwenda Robanda kutusubiri.

Nyansurura tulikaribishwa na Mama Robi, mjane mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ananipima kwa macho kuanzia viatuni. Akatupa ugali wa mtama na muhogo, maziwa mgando na chumba. Nililala tochi ikiwaka. Asubuhi nilipotoka kunawa aliniuliza, "Mwanangu, usiku kucha ulikuwa unamtafuta nani?"

"Ni mazoea tu, mama."

"Utamaliza betri. Huku giza halijawahi kumla mtu."

Marwa, aliyekuwa nyuma ya nyumba ananyoa ndevu, alicheka hadi nikamsikia.

Hapo ndipo nilipomwona Tuheshimiane. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya majivu, mlinzi wa ng'ombe wa Mama Robi, na jina lake lilikuwa ujumbe kwa wezi wa mifugo. Alikuwa amekaa kando ya zizi, mdomo wazi. Taya la chini lilining'inia kana kwamba limekatwa kamba, na mate yalidondoka bila kukoma. Alijaribu kubweka, sauti ikatoka kama mlango unaosuguana na sakafu.

"Amekwamwa na mfupa," Mama Robi akasema, akaanza kukunja mkono wa gauni. "Tangu jana hali, hanywi."

"Alichanjwa huyu?"

"Siku ya chanjo alikuwa machungani na ng'ombe. Walichanjwa wale wavivu wanaoshinda nyumbani."

Nilisema, "Mama, usimguse. Huenda ni kichaa."

Marwa alijibu kutoka nyuma ya nyumba, bila kutokea. "Mura, umeanza tena? Na huyo naye amelala?"

"Kichaa kinakimbia na kuuma watu," Mama Robi akasema. "Huyu amekaa ananitazama kama ananiomba."

Kwa muda mfupi niliwaamini. Nilikuwa nimekosea siku nzima Kewanja. Kwa nini nisiwe nakosea tena? Katika muda huohuo Mama Robi alimwinamia mbwa wake, akamwita kwa sauti ya chini, akaingiza mkono kinywani hadi nyuma ya ulimi kuutafuta mfupa.

Mfupa haukuwepo. Mbwa alitupa kichwa pembeni na meno yakamchana vidole. Nilimvuta mama kwa nguvu, na jino moja likapita juu ya kifundo cha mkono wangu. Lilikuwa jeraha dogo, mstari mwekundu usiozidi urefu wa njiti ya kiberiti, lenye mate juu yake.

Marwa alitokea na povu kidevuni. Aliliona taya lile na kicheko kikamfutika usoni. Kichaa kina sura mbili, na hii ya kimya, inayolegeza taya badala ya kulikaza, aliijua vizuri. Alikuwa tu hajatazama.

"Sabuni," akasema. "Maji mengi. Sasa hivi."

Alimwaga maji kutoka kwenye dumu nasi tukaosha, tukasugua, tukaosha tena, hadi Mama Robi akalalamika kwamba tunamaliza maji ya ng'ombe kwa ajili ya mikwaruzo. Kisha Marwa akabaki kumfunga mbwa asije akafika kwa watu wengine, na mimi na mama tukapanda bodaboda kwenda Mugumu. Tulipanda mshikaki: dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nikikaa zaidi juu ya chuma kuliko juu ya kiti.

Njiani sikuona mashamba wala vilima. Nilikuwa nakumbuka darasa. Kirusi cha kichaa hakiendi na damu. Kinaingia kwenye neva na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo, na wakati kinapanda mtu hasikii kitu. Anakula, anacheka, anachunga ng'ombe. Siku akiona maji na koo likakaza, hakuna daktari mwenye la kufanya. Nilitazama vidole vya Mama Robi alivyovifunga kwa kanga, kisha mkono wangu, kisha vidole vyake.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "unatetemeka au ni pikipiki?"

"Ni pikipiki, mama."

"Imesimama."

Kweli ilikuwa imesimama. Kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara.

Mugumu tulifika jua likiwa kali. Daktari aliyetupokea alikuwa mama wa makamo aliyehamishiwa huko kutoka Tanga, mpole wa sauti na mwenye haraka ya mikono. Alituosha upya, akauliza habari za mbwa, akatoka. Aliporudi alikuwa ameshika kichupa kidogo chenye maji yasiyo na rangi.

"Chanjo ipo ya kutosha," akasema. "Lakini chanjo inaufundisha mwili, na mwili unachukua muda kuelewa. Hizi humu ni kingamwili zilizokwisha kutengenezwa. Tunazichoma palepale kwenye jeraha ili ziulinde mwili mpaka uamke. Kichupa ni hiki kimoja. Kikihitajika kingine itabidi nipige simu Musoma, na sijui kama kipo." Akatutazama. "Aliyewahi kuchanjwa kabla ya leo hahitaji hizi. Mwili wake unazo, unakumbushwa tu kwa chanjo. Kuna aliyechanjwa kati yenu?"

Mama Robi alitikisa kichwa. Mimi nilinyamaza.

Kadi yangu ya chanjo ilikuwa Makambako. Pale chumbani hakuna aliyejua habari zangu isipokuwa mimi. Nililiona lile friji la Morogoro, taa yake imezimika, chanjo zinapata joto. Je, kama kilichoingia mkononi mwangu yalikuwa maji tu? Chuoni nilikuwa nimepima kingamwili za mbwa wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na zangu sikuwahi kuzipima hata mara moja, kwa kuogopa jibu. Ningeweza kusema sijui. Na lisingekuwa uongo kamili; hivyo ndivyo nilivyojiambia. Daktari angelazimika kutafuta njia, kugawa, kupiga simu, na vidole vile vilivyochanika hadi ndani vingesubiri pamoja na mstari wangu wa njiti ya kiberiti.

Mama Robi alikuwa ameweka mkono wake mezani, kanga imelowa. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia kichupa kama mtu anayetazama chakula cha wageni.

"Mimi nimechanjwa," nikasema.

"Una uhakika?"

Ninyi mnaonijua mnajua kwamba sijawahi kuwa na uhakika hata kama nimefunga mlango.

"Ndiyo, daktari," nikasema.

Sindano za vidoleni zinauma kuliko sindano zote, kwa sababu kidole hakina nafasi. Daktari alizunguka kila jeraha polepole. Mama Robi hakulia. Alisema neno moja la Kikurya, ambalo baadaye Marwa alikataa kunitafsiria. Kisha sote wawili tukachanjwa mikononi, tukapewa tarehe za kurudi, na Mama Robi akaninunulia soda na kunilazimisha kuimaliza mbele yake. Nilishukuru aliponilazimisha. Koo langu lilimeza.

Robanda tulikaa kukamilisha kazi, pembezoni mwa hifadhi, nikirudi Mugumu kwa sindano yangu ya mwisho. Jioni watu walipiga madebe kuwafukuza tembo kwenye mahindi. Nilipita karibu na mashamba hayo bila kujali, kwa kuwa hofu yangu yote ilikuwa kazini kwingine. Kila asubuhi nilijaza kikombe maji, nikakitazama, nikanywa nikisikiliza koo.

Huko ndiko Marwa alikopata majibu. Tuheshimiane alikuwa amekufa siku iliyofuata, na kipande cha ubongo wake kilikuwa kimepimwa. Kweli kilikuwa kichaa cha mbwa. Marwa aliniambia tukiwa tumeketi juu ya masanduku ya vifaa, na kwa mara ya kwanza hakuniita mura.

"Tumaini, nilikujibu bila kutazama," akasema. "Wewe ulitazama."

Ningependa niwe nimekosea.

Tulirudi kupitia Nyansurura. Mama Robi alikuwa amemaliza sindano zake zote, vidonda vya vidoleni vimefunga, na mbwa mdogo mpya alikuwa amelala mlangoni. Aliitwa Pole Pole. Nilipomweleza habari ya kutoa damu kwa ajili ya kupimwa, alinyoosha mkono kabla sijamaliza.

"Hii damu mnaiuza wapi?"

"Hatuuzi, mama. Tunatafuta kingamwili."

"Basi ukizikuta uniambie, na kama hazipo uniambie pia. Na za kwako?"

Nilitoa yangu palepale. Marwa ndiye aliyenichoma.

Kabla hatujaondoka tulisimama zizini ng'ombe wakirudi. Walikuja na mbwa wanne wenye vumbi, walinzi wazuri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona chanjo. Siku zote ofisi ya Marwa ilikuwa inachanja asubuhi, shuleni, wakati mbwa wanaohitaji chanjo zaidi wako porini. Marwa aliwatazama muda mrefu. Sasa katika vijiji vyake wanachanja jioni, mlangoni mwa zizi, ng'ombe wakiingia.

Safari yangu iliishia maabara. Upimaji unafanyika hivi: damu inachanganywa na kirusi, kisha na chembe hai. Kirusi kikishinda, chembe zinang'aa kijani chini ya hadubini. Kingamwili zikishinda, hakuna kinachong'aa. Nilikaa mbele ya hadubini ile. Nilitazama yangu kwanza, haraka, kama mtu anayebandua plasta. Kisha nikatazama ya Mama Robi, na hiyo niliitazama muda mrefu, kona hadi kona, nikitafuta hata nukta moja ya kijani.

Nilitoka nje nikampigia simu.

"Mama, shikamoo. Ni Tumaini. Nimeziona."

"Marahaba. Zikoje?"

"Hazionekani zenyewe, mama. Kinachoonekana ni giza. Giza likiwepo ndiyo salama."

"Na kwako?"

"Giza, mama. Kote giza tupu."

Nyuma yake nilisikia ng'ombe wakiingia.

"Basi leo zima hiyo tochi," akasema, "ulale."