Rangi ya Kucha Ndani ya Kompyuta

Stima ilipotea mchana, ikarudi kwa kishindo, balbu ya sebuleni ikawaka kama inataka kupasuka, na kompyuta yangu ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Nikabonyeza kitufe chake. Kimya. Nikabonyeza tena nikiwa nimeshikilia, kama mtu anayembana mtoto aseme ukweli. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna lolote.

Ile ndiyo mashine ninayochapia kazi za watu wa Kiplombe na vijiji vya karibu: programu za mazishi, mialiko ya harusi, barua za kuomba kazi. Lakini kazi ningeweza kuipata tena. Kilichonifanya nikae chini sakafuni ni kwamba ndani ya kompyuta ile kulikuwa na sauti ya mama yangu.

Mama alilima viazi Timboroa mpaka mifupa ikamkataza baridi ya kule, nikamleta kwangu. Miezi yake ya mwisho, alasiri watu wakiwa kazini, nilikuwa naweka simu kando ya mto wake kitandani, ikirekodi, naye anaongea: walivyotoka Central, kwao Ukikuyuni, na lori moja, msimu ambao baridi iliua viazi vyote, nyimbo za kanisa alizozichanganya maneno makusudi. Alipofariki nikazihamishia sauti hizo kwenye kompyuta. Simu yenyewe ikaibwa sokoni Cheptiret, nikiwa nimeinama kuchagua kabichi, mkoba begani, mkono wa mtu nisiyemjua ndani yake. Tangu siku hiyo hata muuza kabichi nikimwona nageuza mkoba mbele. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Utaniuliza kwa nini sikuweka nakala mahali pengine. Flash hupotea. Dada zangu waliomba nikawanyima, maana nawajua. Na habari ya kuweka vitu mtandaoni, kwa watu nisiojua wanaishi wapi wala wamezaliwa na nani, hiyo siwezi. Kwa hiyo sauti ya Mama ilikuwa mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo palinuka moto. Niliogopa, niseme tu hivyo. Nilimzika mara moja na sikutaka kumzika tena.

Jirani yangu alikuja kuazima sufuria, akanusa, akajua. Yeye ana duka la rejareja, na mtu wa duka hunusa hasara hata kabla haijafika.

"Usipeleke kwa fundi hivyo hivyo," akaniambia. "Si unaona vile watu wanachora number plate kwa side mirror? Ukiachia fundi gari bila alama, unarudi nyumbani na vioo vya mtu mwingine. Sasa hawa wa kompyuta ndio wabaya kabisa, juu wewe hata hujui ni nini wametoa."

Akanisimulia habari ya mwalimu mmoja ambaye kompyuta yake ilienda kwa fundi ikiwa na kasi, ikarudi ikitambaa. Walimtolea RAM kubwa wakamwekea ndogo. Mwalimu mzima, na shukrani alitoa.

Maneno hayo yaliniingia kama dawa. Nikajiambia, mimi sitauziwa mbuzi kwenye gunia. Kabla fundi hajaifungua mashine yangu, nitaifungua mimi, nijue kila kilichomo kwa jina lake na sura yake.

Nilitazama video kwenye simu mpya, nikasimamisha, nikarudisha nyuma, daftarini sikuandika kwa sababu kichwa changu bado ni kizima. Halafu nikaichomoa kompyuta ukutani, nikafungua skrubu za ubavuni, nikavuta bati. Kwanza vumbi. Vumbi la miaka, limelala kwenye feni kama blanketi. Nikalipuliza, nikaanza kukagua.

Kule nyuma juu kulikuwa na kisanduku cha bati kimetapika nyaya za rangi zote. Hiyo ni power supply, inayopokea stima ya ukutani na kuipunguza ukali kabla haijawafikia wengine. Nikaiwekea pua. Harufu ilitoka hapo. Sikuiamini lakini nikaikumbuka.

Halafu lile libao kubwa la kijani lililobeba kila kitu, motherboard. Mafundi wa mji huu wanaipenda sana. Ukipeleka chochote wanakwambia motherboard imeenda, kwa sababu wanajua huna cha kubisha. Katikati yake kuna feni, na chini ya feni kumejificha processor, ambayo ndiyo inayofanya hesabu na kazi yote. Sikuipenda tabia hiyo ya kujificha. Video ilionya nisiiondoe feni, nikatii huku nimenuna.

Pembeni, zimesimama wima kwenye mifereji yake, kulikuwa na RAM mbili, vibao vyembamba vyenye meno ya rangi ya dhahabu. Hizi ndizo kompyuta inazoshikia kile inachokifanya sasa hivi, na ukizima zinasahau yote. Nilizitazama kwa dharau kidogo. Nina jamaa wa namna hiyo.

Na chini kabisa, kimefungwa kwa skrubu nne, kizito, cha chuma, hakina mbwembwe: hard disk. Hiyo haisahau ukizima. Barua ziko hapo, picha ziko hapo, Mama yuko hapo. Nikaweka kiganja juu yake. Ilikuwa baridi. Nilikaa hivyo kwa muda, na kama jirani angeingia angesema nimeanza kuombea vyuma.

Ningeweza kuitoa disk nibaki nayo, lakini video nyingine ilisema ukiishika vibaya inakufa. Basi nikachukua rangi nyekundu ya kucha na kuweka alama. Nukta nene juu ya disk. Nukta kwenye power supply. Nukta kwenye motherboard, pembeni. Kwenye RAM nilitafuta mahali ambapo mwizi hawezi kukwangua bila kuonekana, nikazichomoa, nikapaka mstari mzuri chini, juu ya yale meno ya dhahabu, zote mbili. Nikaacha ikauke, nikazirudisha mahali pake, nikarudisha bati. Nilijiona mjanja kuliko mji mzima wa Eldoret.

Fundi niliyempata alikuwa na kibanda ghorofa ya kwanza, kwenye jengo lililogawanywa vyumba vidogo kwa mbao. Ni mtu wa upande wa ziwa, mrefu, mcheshi, mwenye kicheko kinachokufikia ukiwa bado ngazini. Sikupenda kicheko chake. Mtu anayecheka hivyo asubuhi kabla ya chai ana lake. Pia alikuwa na pazia nyuma ya meza, na nyuma ya pazia ndiko mashine za watu zilikokuwa zinaingia.

Alifungua bati, akainama. Akaona nyekundu. Akaisogeza taa karibu, nami nikaliandika hilo moyoni.

"Mama, kuna mtoto amecheza huku ndani?"

Ningesema nini? Nikimwambia ni alama, atajua namtilia shaka, na mwizi akijua umeweka alama, anatafuta rangi kama ile na kuweka yake. Alama nzuri ni ile asiyojua kwamba ni alama.

"Eeh," nikasema. "Ni mtoto."

"Watoto!" akasema, akacheka. "Hii naona power supply ndio imeungua. Lakini wacha nipime yote. Kuja Ijumaa."

"Si unipimie nikiwa hapa?"

"Mama, kuna mashine sita mbele yako. Utalala hapa?"

Nikafikiria kulala hapo, kwa kweli. Lakini nikashuka ngazi mikono mitupu, nikiwa nimeliacha pazia lile nyuma yangu. Siku zilizofuata kuku wangu walikula pale tu nilipowakumbuka. Kila nilipompita mtu amebeba kompyuta mjini, nilitazama kama ina kitu changu. Usingizini nilimwona fundi akiuza disk yangu kwa mtu ambaye anafuta kila kitu ili ajaze sinema.

Ijumaa nilifika mapema. Kwenye benchi walikuwa wamekaa mzee mwenye koti la kanisani, akiongea Kikuyu kwa simu kuhusu bei ya mbolea, na msichana wa chuo aliyepakata laptop, na mama mmoja mwenye printa kwenye gunia. Fundi aliponiona akafurahi.

"Mama, mashine yako imepona!"

Akaitoa nyuma ya pazia, akaiwasha, ikanguruma vizuri. Akanipa na mfuko wa plastiki. "Hii ndio power supply yako ya zamani, nimekuwekea usiseme nimekudanganya."

Nikatazama ndani ya mfuko. Nukta yangu nyekundu ilikuwa palepale juu ya kisanduku kilichoungua. Vizuri. Nikamwambia azime, afungue bati. Akashangaa, akafungua.

Motherboard: hakuna nyekundu. RAM: hakuna nyekundu. Disk: hakuna nyekundu, chuma kitupu kinang'aa.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Kilichokufa kina alama yangu, na vyote vilivyo hai havina! Hata mtoto angeona.

"Hivi si vyangu," nikasema, na sikusema polepole. "Umenibadilishia. Disk umepeleka wapi? Wewe ni mwizi!"

Mzee wa koti akakata simu. Mama wa printa akavuta gunia lake karibu na miguu. Msichana akafunga laptop.

"Mama," fundi akasema, na kicheko kilikuwa kimetoka usoni, "si uliniambia ni mtoto alipaka? Ile ya RAM ilikuwa imefunika meno yote. Mashine ilikuwa inapiga alarm tu, haishiki. Nilidhani RAM zimekufa. Nimekaa nazo asubuhi mzima na thinner ya kutoa rangi na rubber, pole pole."

"Na disk? Disk nayo ilikuwa na meno?"

"Hiyo na motherboard nilipanguza tu ziwe safi. Nilikuwa nakusaidia."

"Kunisaidia! Nani alikuomba?"

Akaitazama disk, kisha mimi. Nadhani hapo ndipo alipoelewa ile rangi ilikuwa ya nini, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyetukanwa mbele ya wateja wake katika mji ambao jina baya husambaa haraka kuliko bei ya sukari.

"Sawa," akasema. "Disk haidanganyi. Kama sio yako, haina vitu vyako. Uko na nini ndani?"

"Sauti ya mama yangu," nikasema. "Amekufa."

Akalirudisha bati, akawasha, akachomeka spika zake mbili kubwa za redio, zile anazopigia watu muziki. Akatafuta, akaona mahali palipoandikwa Mama.

"Hapa ni wapi, Mama? Soma mwenyewe."

Nilisoma. Moyo ulinipasuka kwa furaha hata nikasahau nilikuwa nimemkasirikia. Majina ya sauti yalikuwa yamepangwa vilevile nilivyoyapanga, yote.

"Ni yangu," nikasema. "Basi, imetosha. Nimeona."

"Hapana. Umeniita mwizi watu wakisikia. Na wao wasikie."

Ilikuwa haki yake, hata mimi niliona. Akabonyeza moja, ya mwisho kabisa, bila kuchagua.

Kikohozi kwanza. Kikohozi chake. Nikashika ukingo wa meza. Kisha akaongea, kwa Kikuyu, sauti ile iliyokuwa imekauka siku za mwisho lakini bado yenye amri ndani yake.

"Hakuna mtu hapo?"

"Hakuna, Mama. Ongea," nilimjibu siku ile.

"Leo uliponiosha nililia. Ulifikiri maji ni moto. Hayakuwa moto. Ni aibu. Mimi ndiye niliyekuosha wewe, ukiwa huwezi kukaza shingo, na sasa wewe ndiye unaninyanyua mguu."

Mzee wa koti aliinamisha kichwa. Alivua kofia, akaiweka gotini, akaitazama. Mama wa printa alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Nao walikuwa wanaelewa kila neno. Fundi, mtu wa ziwa, hakuelewa hata moja, na alikuwa akinitazama, akisubiri, uso wake umeanza kulainika.

"Ni yeye?" akaniuliza.

"Ni yeye," nikasema. "Zima."

Lakini nililisema neno hilo la pili bila sauti, na yeye akaona midomo tu. Akadhani namwambia sisikii. Akazungusha kitufe, spika zikajaa, hata watu wa vibanda vya jirani wakachungulia mlangoni.

"Dada zako wasijue nimefikia hali hii," Mama akasema, na mbao za ukuta zikatetemeka. "Mtu yeyote asisikie haya. Ni yangu na yako. Niahidi."

Kisha ikatoka sauti yangu mwenyewe, kubwa, ikajaa jengo lote mpaka ngazini.

"Nakuahidi, Mama."