Vimiminika, Mara ya Tatu

Nyumbani walimwita Injinia tangu siku alipopata nafasi chuoni. Mama yake, mshonaji aliyefanyia kazi barazani, ndiye aliyeanza, majirani wakadakia. Mwanzoni jina lilimkaa vizuri. Mwaka wa pili likaanza kumbana kama kiatu cha kuazima.

Somo lililomtoa jasho lilikuwa mekanika ya vimiminika, yaani namna maji na mafuta yanavyokaa na yanavyokwenda. Sura ya kwanza aliipenda. Maji yaliyotulia alielewana nayo: kadiri unavyozama ndivyo presha inavyopanda, basi. Balaa lilianza maji yalipotembea. Milinganyo ilijaa ubao mzima, mhadhiri akifuta huku anaandika, na alipogeuka kuuliza, "Tuko pamoja?" darasa liliitikia, naye akaitikia.

Siku moja maabara waliingiza rangi nyekundu kwenye bomba la kioo. Maji yakienda polepole, rangi ilinyooka kama uzi. Koki ilipofunguliwa zaidi, uzi ukatetemeka, ukakatika, wekundu ukatapakaa bomba zima. Wenzake wote waliinama kupiga hesabu. Yeye alibaki kakodoa macho mpaka mwenzake wa chumba akamgusa kiwiko.

"Umeona inapobadilikia?"

"Nimeona."

"Sasa iandike."

Kuona aliona. Kuandika ndiko kulikomshinda.

Alifeli. Akarudia, akafeli tena. Mwenzake wa chumba, ambaye kwake somo lile lilikuwa mteremko, hakumtupa. Kila jioni walikaa wakichora mabomba.

"Usikariri, dada. Jiulize tu: kilichoingia kinatokea wapi?"

"Ukiongea wewe naelewa. Ukinyamaza, kinaondoka."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha yeye akawa analia, na mwenzake akaweka kalamu chini.

Mtihani wa mwisho aliuanza vizuri. Swali la maji yaliyotulia alilimaliza bila kuinua kalamu. Lililofuata lilihusu pampu, na hapo kanuni zote alizokariri zikamjia kwa pamoja, zikisukumana mlangoni kama watu wanaokimbia moto. Aliandika, akakata, akaandika tena. Karatasi yake ilikusanywa ikiwa imejaa mistari ya kufutia.

Mkuu wa idara alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Hata kiti alimvutia.

"Umeshatumia nafasi zako zote, binti yangu. Unaweza kukata rufaa."

"Nikate rufaa niseme nini?"

Mzee wa watu alitazama dirishani.

Alifika nyumbani na begi lake. Mama aliinua uso kutoka kwenye cherehani. "Likizo?"

"Ndiyo," alijisikia akijibu.

Kesho yake jirani alikuja mbio. Anataka kuweka tanki, lakini hajui anunue jembamba au pana, maji yapate nguvu bombani. Injinia akamweleza kwa utulivu: upana hauongezi nguvu, kinachosukuma ni kimo cha maji, kwa hiyo aliinue tanki. Jirani akapiga makofi.

"Hii ndiyo maana ya kusoma!"

Mama alicheka kwa raha, uzi ungali mdomoni. Kicheko hicho ndicho kilichommaliza. Alichomjibu jirani ni sura ya kwanza tu, na hakuwahi kuivuka.

Jirani alipoondoka, akasema, "Mama, si likizo."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Basi utarudia."

"Hakuna kurudia tena."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama."

Mguu wa mama ulikanyaga pedali, sindano ikaenda bila kitambaa chini yake. Kisha akaacha.

"Na kila nilipokuuliza, uliniambia unaendelea vizuri."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angegomba, angetukana, angerusha mkasi. Alisema kama mtu anayejiuliza alikuwa wapi muda wote huo.

"Nenda ukale," alimwambia hatimaye.

Jikoni alijipakulia, akakaa na sahani mapajani. Akasikia mteja akibisha barazani, akidai vitambaa vyake, kisha akiuliza kwa uchangamfu kama yule binti wa chuo amesharudi.

Cherehani ikaanza tena.

"Bado," mama alijibu.