Mabati ya Ratemo

Ukitaka kusikia mema ya shemeji yangu Angwenyi, kamuulize mtu mwingine. Mimi Bathsheba niliolewa na kaka yake mkubwa. Ua wangu na wake umetengwa na mstari mmoja wa migomba, na kila kitu kilichotoka nyumba ile kwenda kuuzwa Keroka nimekiona kikipita mlangoni pangu.

Angwenyi ni karani wa kituo cha chai hapa karibu na Itumbe. Anapima majani ya watu, anaandika kilo, anarudi nyumbani. Mshahara wake ni wa kula na kuvaa, basi. Mwaka juzi bonasi ilitoka vizuri, akaongeza mkopo wa sacco, akaenda Nairobi na kurudi na gari la turbo, lenye chuma kinachoipulizia injini hewa ipate mbio. La buluu, limeinama karibu liguse chini, limeshatumiwa na watu ambao hata idadi yao hajui. Likipanda kilima chetu kuku wangu walikuwa wanakimbia mayai yao. Vijana wa barabarani wakaanza kumwita Turbo, naye akaitika. Mwanaume mwenye ndevu za mvi, shemasi wa kanisa, anaitikia jina la chuma! Loo!

Kulinunua haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kulilisha. Petroli ya watu wa kawaida lilikataa, likataka ile ya bei inayouzwa Kisii mjini, kwa hiyo lilikuwa linakunywa njiani likienda kutafuta kinywaji. Oili yake kibuyu kimoja ni bei ya gunia la mahindi, na kabla hujasahau uchungu wa hicho, fundi anataka kingine. Tairi zake pana zililiwa na mawe ya barabara yetu kabla ya mvua ya pili. Klachi iliondoka na ng'ombe wa maziwa. Sifanyi utani. Ng'ombe alitoka asubuhi akivutwa kamba, klachi ikaja jioni kwenye gunia, na tangu siku hiyo watoto wa karani wa chai wanakunywa strungi, chai isiyo na maziwa.

Fundi wake, Ouko, mtu wa upande wa ziwani mwenye gereji Keroka, hakumficha. Alimwambia mbele yangu, "Bwana Angwenyi, hii gari si ya mshahara. Uza ukiwa bado na suruali."

"Wewe tengeneza," Angwenyi akamjibu. "Ya kuuza niachie mimi."

Sasa mkewe, Mong'ina. Huyo ndiye ninayemwonea huruma, ingawa naye alikuwa akipanda hilo gari kwenda kanisani shingo imenyooka. Mwanawe Ratemo alikuwa atahiriwe Desemba. Kwetu mvulana akishatahiriwa harudi kulala nyumba ya mama yake, ng'o. Lazima awe na esaiga, kibanda chake mwenyewe katika ua wa baba yake. Asiye nacho anazunguka akiomba pa kuweka ubavu, na wenzake watamcheka mpaka awe na wajukuu. Mong'ina aliuza ndizi Keroka, akanunua bati moja, akauza tena, akanunua la pili, mpaka yakafika kumi. Akayalaza nyuma ya jikoni. Ratemo alikuwa akienda kuyaangalia kila akitoka shule.

Mwezi wa kumi na moja turbo ikapiga mluzi, ikafa. Ouko akasema ya mtumba inapatikana Nairobi, pesa mkononi. Jumamosi hiyo, Sabato yetu, sisi tukaenda kanisani, Angwenyi akasema kichwa kinamuuma. Tuliporudi, pale nyuma ya jikoni palikuwa na majani yaliyopauka kwa kufunikwa na mabati, na mabati yenyewe hakuna.

"Baba Ratemo, mabati ya mtoto yako wapi?" Mong'ina akauliza.

"Nimeyakopa tu. Desemba ni harusi kila kona. Gari likipona nitabeba maharusi, niyarudishe mara mbili."

"Umeyakopa kwa nani? Kwa mtoto?"

"Usinipigie kelele siku ya Sabato," akasema.

Haki ya Mungu, alisema hivyo. Mtu aliyeuza mabati saa ya sala!

Turbo ikaja, ikafungwa, na mfuko ukabaki mtupu. Hela ya oili yake ya bei ikakosekana. Angwenyi akanunua ya kupimiwa kwenye jerikani, akaitia, akajiambia ni ya siku mbili tatu tu. Ilimfikisha harusi moja. Akirudi, kwenye mpando wa kutoka Keroka, injini ikashikana. Lori la ndizi likalivuta kwa kamba mpaka nyumbani, na kwa vile hakuwa na shilingi, dereva akang'oa magurudumu yote manne akaondoka nayo. Gari likabaki mbele ya nyumba juu ya mawe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu akitaka kunihukumu kwa hilo, na anihukumu.

Desemba ikafika. Ratemo alitahiriwa, akaletwa nyumbani kwa nyimbo akiwa amejitanda shuka, akitembea kwa kutanua miguu. Wakafika uani wakasimama. Nyimbo zikaisha. Pa kumwingiza hapakuwepo.

"Mleteni kwangu, alale na ndugu zake," nikasema.

Ratemo akatikisa kichwa. "Mama mkubwa, hapa ndipo kwetu."

Mama mkwe wetu, Nyakerario, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Yule mama mdomo wake haujawahi kuzeeka. Akamtazama mwanawe.

"Angwenyi, mabati ya huyu mtoto yako wapi?"

Angwenyi akageuka kutazama gari.

"Nimekuuliza."

"Yako... yako kwa gari, mama."

"Basi nyumba yake ndiyo hiyo. Mfungulieni."

Wakamfungulia mlango wa nyuma. Moto ambao mtahiriwa huwashiwa kibandani mpaka apone ukawashwa nje, kando ya mawe, kwa sababu ndani ya gari usingewaka, na kijana akalala kwenye kiti cha gari miguu imekunjwa, akiuguza kidonda chake. Mong'ina alilia usiku mzima, nilimsikia. Angwenyi sikumsikia.

Alidhani kijana akipona mambo yameisha. Ratemo akapona, akafunga leso ya mamake kwenye vioo, akatundika yunifomu yake kwenye usukani. Angeenda wapi?

Bonasi ndogo ikaingia. Mong'ina akamwambia kwa upole, mimi nikamwambia bila upole: ni mabati kumi tu, mwanaume. Jenga, mtoto ahame, uchukue gari lako ulifanye unavyotaka. Akasema amesikia. Wiki iliyofuata Ouko akaingia uani na pikapu, na nyuma yake kuna injini.

Walifanya kazi mchana kutwa. Ilipowaka, kuku wangu wakaruka, na Angwenyi machozi yakamtoka. Akazunguka, akashika mpini wa mlango wa dereva.

"Unaingia nyumba ya nani?" Nyakerario akauliza.

"Mama, hili ni gari!"

"Lilikuwa gari. Mwanao amewekwa humo, amepona humo. Ingia basi, tukuone."

Nani hapa asiyejua? Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyetahiriwa. Ndiyo chinsoni, heshima yetu, na anayeivunja hata kaburini watu watamsema. Angwenyi akamgeukia Ouko amsaidie. Ouko akafuta mikono kwenye kitambaa. "Hata kwetu baba haingii kibanda cha kijana wake," akasema, na akaanza kukusanya spana zake.

Angwenyi akaachilia mpini.

Ratemo alipotoka shule akasikia yote. Akaenda kwa baba yake, akainamisha kichwa, akanyoosha mikono yote miwili kama mtoto mwenye adabu. "Baba, naomba ufunguo wa nyumba yangu." Akapewa.

Sasa jioni anafungua milango yote, anawasha injini, taa inawaka ndani, anasoma. Gari haliendi hata hatua moja, na bado linataka petroli ile ile ya bei. Ikiisha anamtuma dada yake mdogo: "Mwambie baba nyumba yangu imeishiwa." Na Angwenyi anabeba jerikani anaenda Kisii. Mwezi huu peke yake petroli hiyo ingemaliza nusu ya paa. Akirudi anaiweka mbali na mlango, anakuja kusimama huku kwenye migomba yangu.

Jana nilimkuta hapo. Nikasema, "Shemeji, mabati kumi tu."

Akainua kidole ninyamaze. Kule ndani ya gari mtoto alikuwa amekanyaga mafuta, injini ikanguruma, na juu yake ukapanda mluzi mwembamba.

"Sikiliza," akaniambia. "Turbo imeingia."