Mawe ya Mkwe, Mafuvu ya Kwetu

Kinywa changu kimenitia aibu mahali pengi, lakini aibu ya Ayalandi ndiyo iliyonifuata mpaka nyumbani. Nilikwenda kumtembelea binti yangu aliyeolewa huko. Mumewe, kijana mpole mwenye nywele za rangi ya karoti, akaamua kunizungusha kwenye makaburi ya kale. Ni vilima vya mawe vyenye mlango mwembamba, na ndani unaingia kwa kuinama. Katika kimoja nilikwama. Mkwe alinivuta mikono, binti akanisukuma nyuma, na watalii wakangoja kimya kama watu wanaosubiri sakramenti.

Nje kulikuwa na mawe marefu yaliyosimamishwa malishoni tangu enzi hizo, ng'ombe wakijikuna hapo. Mkwe aliyagusa kwa heshima. Mimi mvua ilikuwa imeniingia viatuni na kiuno kinaniuma, nikasema, "Haya ni mawe tu. Kwetu Taita babu zetu hawajifichi. Mafuvu yao yamepangwa pangoni, yanakutazama usoni. Mimi huwa naenda."

Huwa naenda! Sikuwahi kukanyaga pale. Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani hapa Voi, na mapango hayo nimeyakemea mara nyingi sana.

Mkwe hakusahau. Mwaka huu alishuka kwenye treni Voi, na baada ya salamu akaulizia pango. Sasa njia ya pango la ukoo wetu, kule Mghange, anaijua kaka yangu mkubwa, na mimi na yeye tulikuwa hatusemezani tangu mama afariki. Mama alizidiwa nikiwa huko huko Ayalandi. Nilikata tiketi upesi, lakini nilipofika nilikuta udongo mbichi na mashada ya maua. Mama alikuwa amekataa katakata kulazwa mochari, na kaka alilitii neno lake bila kunisubiri. Hilo lilinichoma. Nilimtolea kaka maneno mbele ya waombolezaji, kisha nikateremka Voi na kiburi changu.

Lakini kumwambia mkwe kwamba nilidanganya? Heri kaka. Nikampigia simu.

"Njooni Jumamosi," akasema. "Na uvae viatu vya maana, si hivyo vya harusi."

Nilivaa vya harusi. Ningefanyaje, na mkwe yupo?

Kaka alitupitisha kwenye mashamba ya mahindi, mimi nikiteleza na kushikilia mabua ya watu, mpaka chini ya jabali. Hapo akasimama, akatoa kibuyu cha maji ya miwa.

"Hapa hakuna kupita na hasira," akasema.

Kwetu huitwa kutasa. Unaitaja hasira yako, unapiga funda, kisha unalipuliza litoke nayo. Mkwe alitangulia. Alilalamikia sanduku lake lililopotea safarini, akapuliza vizuri kama mzaliwa wa Mghange.

Zamu yangu ikafika. "Sina kinyongo na mtu yeyote, Bwana asifiwe," nikasema, nikapuliza kwa nguvu. Upepo ukayarudisha maji yote kwenye shati la mkwe. Mkwe, jamani! Nilitamani jabali linifunike.

"Hiyo ni ya kanisani," kaka akasema. "Tema ile ingine."

Hapo nikawaka kweli. "Ulimzika mama bila mimi! Sikumwona hata uso. Binti yake ni mimi peke yangu, na hukunisubiri!" Nikapiga funda, nikatema, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka.

Kaka alichukua kibuyu. "Na yangu ni hii," akasema. "Uliniacha nimdanganye mama peke yangu. Asubuhi ile ya mwisho aliuliza kama umefika. Nikamwambia umefika, uko nje unaegesha gari."

Mkwe aliniomba nimtafsirie. Sikuweza. Mimi sijui kuendesha gari, na mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nilipojaribu kujifunza, niliitumbukiza pikapu ya marehemu baba kwenye migomba ya mama, naye hakuacha kunicheka miaka yote.

"Akasemaje?" nikamuuliza.

"Alicheka. Akasema, 'Basi kimbia, mwambie aangalie migomba yangu.' Ningefanya nini? Nikatoka. Nikasimama pale uani, napunga mikono, naongoza gari ambalo halipo, maana dirisha lilikuwa wazi na nilijua anasikiliza. Njoo, njoo, kata kulia. Niliporudi ndani alikuwa ameshaenda."

Akapiga funda, lakini hakuweza kulipuliza. Likamtiririka kidevuni mpaka shingoni. Nikamfuta kwa leso yangu, nikilia kwa sauti mbele ya mkwe.