Ncha ya Pili ya Kilemba

Babu yangu ni seremala, tena mashoto. Randa anaisukuma kwa kushoto, misumari anaigongomea kwa kushoto, na kilemba anakifunga kwa kushoto, kinyume na wanaume wote wa hekalu letu. Nao si wengi. Makalasinga wa mji huu tumebaki familia sita. Reli iliyomleta baba yake kuunda mabehewa ilishakufa, wenzake wakahamia ng'ambo, Babu akabaki anaunda milango. Watu humwita Fundi Shoto.

Kitambaa cha kilemba ni kirefu kuliko sebule yetu. Kila asubuhi yeye husimama dirishani na ncha moja, mimi jikoni na ncha ya pili, tunavuta, tunakunja. Mwisho yeye huvuta kidogo, nami namjibu kwa kuvuta kidogo, basi tumemaliza. Kazi hiyo niliirithi mama alipofariki, nikaacha shule darasa la tano. Hatusemi neno. Ndiyo saa yangu.

Mwezi uliopita akaja binamu, mtoto wa shangazi, kutoka ng'ambo. Ndevu ndiyo kwanza zinachungulia. Siku ya kwanza tu Babu akampa ncha yangu, mimi nikaambiwa nitazame chai.

Nikaitazama, na yeye nikamtazama. Alikuwa anakunjia kulia. Kwa Babu mikunjo hiyo ingekaa kinyume na kulegea. Neno moja lingetosha. Roho iliniuma, nikanyamaza.

Hekaluni, Babu alipoinama mbele ya Kitabu, mkunjo ukamdondokea sikioni. Familia zote sita zikaona. Mmoja wao, muuza vipuri, akasema Fundi Shoto siku hizi anatoka na shuka kichwani. Watu wakacheka, Babu naye akacheka, lakini mkono wake haukubanduka sikioni mpaka nyumbani.

Binamu hakugombezwa. Babu alinifuata mimi jikoni.

"Uliona anavyokunja?"

"Niliona, Babu."

"Huko kwao hana wa kumshikia. Nilitaka ajifunzie kwenye kichwa changu. Kesho mfundishe wewe."

Nikamfundisha: asimame wapi, avute vipi, akunjie upande gani. Alishika upesi, na hilo nalo liliniudhi.

Asubuhi iliyofuata mikunjo ilinyooka. Babu akavuta kidogo, akasubiri. Binamu akasimama tu kama nguzo, maana hilo sikumwambia. Babu akageuza macho kwangu.

Mimi nikajifanya natazama chai.